Rafu ya Vichwa

Mtaa mzima ulimwita Pama. Jina hilo lilikuwa la baba yake kabla halijawa lake, sawa na duka, mikasi, na rafu ya vichwa vya mbao iliyofunika ukuta wa nyuma kutoka sakafuni hadi darini. Alikuwa fundi wa kofia, labda wa mwisho katika mji ule, ingawa yeye mwenyewe aliliacha hilo "labda" nyumbani kila alipozungumza na wageni. Alitengeneza kofia za pama kwa njia ya zamani: sufu inashindiliwa kwa maji ya moto na sabuni mpaka inashikamana, inavalishwa kichwa cha mbao ikiwa bado inafuka mvuke, inavutwa, inafungwa kamba, inaachwa ikauke, kisha inapigwa pasi na kutiwa bitana na utepe. Ni kazi ya mtu mwenye subira. Pama hakuwa nayo, ndiyo maana nusu ya kofia zake ziliinamia upande mmoja, na wateja wakiuliza aliwaambia huo ndio mtindo.

Mafundi wa kofia hawakosi kusemwa. Mtaani pale ilisemwa kwamba fundi akikuzungushia utepe wa kupimia, fikra zako anaziona kama samaki ndani ya chupa. Kwa hiyo watu wazima wenye heshima zao walikuja kupimwa huku wakiimba kimoyomoyo, wasije wakawaza jambo la aibu. Jaji mmoja mstaafu alikuwa akihesabu kwa sauti. Ilisemwa kofia mpya isiwekwe kitandani, maana italala na akili ya mwenyewe. Ilisemwa fundi asivae kofia iliyotoka mkononi mwake. Na la mwisho, ambalo watu walilisema kwa sauti ya chini wakimwangalia Pama kwa pembe ya jicho, ni kwamba kila fundi wa kofia huishia kuwa mwendawazimu, na wazimu wenyewe una ngazi zake. Kwanza vichwa vya mbao vinamsalimia. Kisha vinampa habari. Mwisho vinampa amri, na akitii, basi, amekwisha.

Pama alizicheka hadithi hizo, tena alizila kwa mikono miwili. Akiitwa kwenye mkutano wa wapangaji, alipepesa macho kidogo na kusema leo vichwa havijampa ruhusa. Wakwe zake waliacha kumwomba ushauri, jambo ambalo yeye aliliona kuwa neema. Mkewe, aliyemwita Baba Mapacha kwa ajili ya mabinti zao wawili walioolewa mbali, alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya wakili ng'ambo ya barabara. Yeye alisema kama wazimu wa mumewe ungekuwa wa kweli, usingempanda kila vyombo vinapotaka kuoshwa.

Lakini kulikuwa na baba. Marehemu alikuwa fundi wa mafundi, mtu aliyeweza kushona utepe bila kutazama, na kwa ghafla, au hivyo ndivyo Pama alivyokumbuka, mikono yake ilianza kutetemeka mpaka uzi ukamshinda kupita kwenye tundu la sindano. Meno yalilegea. Mtu aliyekuwa akipiga soga na kila mpita njia akawa anajificha nyuma ya pazia mteja akibisha hodi. Akawa mkali pia: mwanawe akisogelea chumba cha nyuma, kilichokuwa cha kusafishia manyoya ya sungura, alimfukuza kwa rula ya mbao bila neno la maelezo. Mwisho alikuwa anakaa mbele ya rafu siku nzima, anazungumza na vichwa kimoja kimoja. Pama wakati huo alikuwa kijana ambaye ndevu zinaanza kumdanganya kuwa ni mtu mzima. Aliona haya. Rafiki zake walipocheka, alicheka nao, na hakuishia hapo: alijifunza kumwigiza baba yake, ule mtetemo na ile minong'ono, na watu wakavunjika mbavu. Ukweli ni kwamba kwa kuigiza alikuwa hodari kuliko kwa kushona.

Sasa alikuwa amefika umri ule ule wa baba.

Ilikuwa mchana, mvua imetoka kunyesha, na Pama alikuwa ameshika kofia juu ya mvuke wa birika huku akiilaumu sufu kwa makosa yake mwenyewe. Kutoka kwenye rafu, sauti nyororo ikasema, "Hamjambo."

"Hatujambo," akajibu Pama, kwa kuwa alilelewa vizuri.

Kisha akageuka. Dukani hapakuwa na mtu. Mlango ulikuwa umefungwa, na kengele yake haikulia. Alisogea mpaka kwenye rafu akasikiliza kichwa kimoja baada ya kingine, kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Sauti ilikuwa imetokea katikati, kwenye kichwa cha Karani wa Mahakama, mteja wa zamani wa baba yake aliyekufa miaka mingi iliyopita, na ambaye kichwa chake cha mbao kilikuwa na nundu ileile aliyokuwa nayo mwenyewe. Kilichomtatiza Pama zaidi ni kwamba sauti ilikuwa ya kike, na Karani alikuwa na sauti nzito kama ya gari la takataka.

Alijipa moyo kwamba ni njaa. Akala. Kesho yake, ili kupima kama njaa ndiyo chanzo, alikula kwanza, akaja mbele ya rafu akasema, "Shikamoo, Karani." Hakujibiwa, akaona vibaya, akarudi kwenye kazi akiwa amenuna. Ndipo sauti ikaanza, maneno mengine yakifika, mengine yakimezwa: "Tunasikitika kutangaza kifo... mazishi yatafanyika... habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo..."

Hiyo ndiyo ngazi ya pili, Pama akajiambia. Salamu zimekwisha, sasa ni habari.

Hakumwambia mtu. Alivigeuza vichwa vyote vitazame ukuta, na alipofika kwa Karani alimwomba radhi. Alivifunika shuka. Alijaribu akili yake kwa kusema majedwali ya kuzidisha kwa sauti, akakwama kwenye saba, akapatwa na hofu kubwa, mpaka alipokumbuka kwamba hata shuleni alikuwa anakwama kwenye saba. Nyumbani alikuwa mpole kupita kiasi. Aliosha vyombo bila kuambiwa. Mkewe alisimama mlangoni mwa jikoni akamtazama.

"Baba Mapacha, umefanya nini?"

"Naosha vyombo."

"Naona. Nauliza umefanya nini."

"Sijafanya kitu, mke wangu."

Hiyo "mke wangu" ilimtia mwanamke wasiwasi kuliko vyombo, lakini alimjua mumewe: akikamuliwa hutoa uongo, akiachwa huiva mwenyewe. Akamwacha.

Amri zilikuja siku ambayo Pama alikuwa anafunga kamba kwenye kofia ya mwalimu wa kwaya. "Vuta pumzi," sauti ikasema. "Taratibu. Sasa toa. Tena." Alikuwa ameshavuta na kutoa mara kadhaa, mabega yakipanda na kushuka kama ya mkimbiaji, ndipo alipotambua kwamba anatii. Kamba ikamponyoka. "Anza upya," ikaendelea sauti, "na mara hii usikimbie."

"Sikimbii," akasema Pama, akakaa chini.

Alikuwa bado yuko pale sakafuni sauti ilipotangaza kifo chake. Jina halikusikika, lilimezwa na ukuta, lakini mengine yalifika sawasawa: "...fundi hodari, mume mpole na mtu wa watu... ameacha mjane na mabinti wawili..." Katika huzuni yake Pama alikiri kwamba maneno yalikuwa mazuri. Hilo la mume mpole alitamani mkewe angelikuwepo alisikie. Kisha ikaja "baada ya kuugua kwa muda mrefu", na hapo akakunja uso, kwa maana yeye alikuwa amejipangia kitu cha haraka, ikiwezekana akiwa usingizini, na kofia nzuri kifuani.

Mtu aliyetangaziwa kifo chake hana budi kujiandaa. Pama alichukua mkasi wake bora, wa chuma cha zamani, akaupeleka kwa fundi saa wa duka la pili, aliyekuwa rafiki yake na mtaniaji wake mkuu. Alikuwa ameandaa maneno marefu ya kuagana.

"Chukua," alisema. "Nataka uwe kwako."

Fundi saa alitoa kioo chake cha jichoni. "Unasafiri?"

"Kwa namna fulani."

"Na friji yako utamwachia nani?"

Pama alimtazama kwa uso wa mtu anayesamehe wasiojua, akaondoka. Fundi saa alijaribu mkasi kwenye karatasi, akaona ni mzuri kweli, akaufungia kwenye kabati.

Kilichobaki kilikuwa kujua njia iliyo mbele. Baba yake alipita wapi kwanza, wapi baadaye, na ilichukua muda gani? Mtu pekee aliyekuwa hai wa kumwuliza ni shangazi yake, dada wa marehemu, mwanamke mzee aliyeishi ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa, mwenye mwili mdogo na ulimi wa mtu mkubwa. Pama alimkuta dirishani anafuma.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Mbona umevaa suti?"

Alikuwa amevaa suti kwa sababu aliona ni ziara ya mwisho. Akasema ni kwa ajili ya heshima.

"Heshima imekuingia lini?"

Pama akazunguka, akasifia ufumaji, akakohoa, mwisho akauliza. "Shangazi, baba alianza kusikia sauti lini?"

Sindano za kufuma zikasimama. "Sauti gani?"

"Za vichwa. Za kwenye rafu."

"Kaka yangu hakusikia sauti yoyote," alisema Shangazi. "Hizo ni porojo za mtaani."

"Lakini alikuwa anazungumza navyo. Nilimwona kwa macho yangu."

"Alizungumza navyo, ndiyo. Angezungumza na nani? Mikono inatetemeka, mate yanamtoka, maneno yanakwama. Wateja wanaagiza kofia, kumsemesha hawamsemeshi. Wewe ukimwona unapita upande mwingine wa barabara." Hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayeeleza mpangilio wa chumba. "Mtu akiachwa na watu wote atazungumza hata na kijiko. Vile vichwa angalau vilikuwa vya watu aliowafahamu."

Pama alitazama mikono yake iliyokuwa juu ya magoti ya suti.

"Alikuwa anaumwa nini basi?" akauliza mwishowe.

"Zebaki. Hukuwahi kuambiwa? Siku hizo manyoya ya sungura yalikuwa yanapakwa dawa ya zebaki ili yashikamane. Inatoa mvuke, na yeye alikuwa anauvuta mle ndani mwaka baada ya mwaka, madirisha yamefungwa ili manyoya yasipeperuke. Daktari alisema wazi. Inakula mikono, inakula meno, inakula hata ujasiri wa mtu. Alisema sakafu yenyewe imeinywa dawa ile."

"Na mbona mlituacha tuamini ni wazimu?"

Shangazi alishusha ufumaji wake. "Mama yako ndiye aliyechagua. Ikijulikana kofia zinatengenezwa kwa sumu, nani angenunua? Kwa wazimu watu walikuja hata zaidi, walitaka kuona. Mlikuwa mnakula, mwanangu. Simlaumu, na wewe usimlaumu." Kisha akaongeza, "Baba yako alikuwa na jambo moja tu alilolishikilia mpaka mwisho, kwamba wewe usiingie kile chumba. Alinieleza kwa taabu, neno kwa neno. Alisema ukiingia nikupige, kama yeye atashindwa kuinua mkono."

Pama aliaga vibaya, hata hakumbuki alisema nini. Alitembea kuelekea dukani akiwa na suti yake, akapita mbele ya fundi saa bila kumwona. Rula ya mbao aliikumbuka vizuri. Alikuwa amewasimulia watu habari za rula ile miaka na miaka, na kila mara walicheka, maana alijua mahali pa kusimama kidogo kabla ya pigo.

Alikaa mbele ya rafu, akavua shuka. Alikuwa na huzuni ya kweli, pengine ya kwanza katika maisha yake ambayo hakuitafutia watazamaji. Na kama ambavyo mtu hulala akiamini mgeni ameshaondoka kisha akamsikia jikoni, akasikia, "Hamjambo."

Hapo ndipo hali yake ilipomdhihirikia. Baba hakusikia sauti. Yeye zebaki hakuigusa maishani, alifanya kazi kwa sufu na sabuni tu. Kwa hiyo huu wazimu haukuwa wa urithi wala wa kazi. Ulikuwa wake mwenyewe, ameutengeneza nyumbani, na kama kofia zake, umeinamia upande mmoja.

Mlango ukafunguka, kengele ikalia, mkewe akaingia na chakula cha mchana kwenye kikapu. "...tunasikitika kutangaza..." ilikuwa inasema sauti.

"Nani huyo?" akauliza mkewe.

Pama alimgeukia taratibu, kama mtu aliyebeba yai kichwani. "Unamsikia?"

"Kwa nini nisimsikie? Kifo cha nani tena?"

"Mama Mapacha. Unamsikia kwa masikio yako?"

"Nimsikie kwa yapi?" Aliweka kikapu mezani, akaenda moja kwa moja kwenye rafu, akamshika Karani wa Mahakama nundu yake akamwondoa. Nyuma yake, ukutani, palikuwa na mdomo wa bomba la chuma. Zamani za baba lilileta mvuke kutoka kwenye chungu kikubwa cha chumba cha nyuma. Baba alipofariki chungu kiliuzwa chuma chakavu, chumba kikarudishwa kwa mwenye nyumba na mlango wake wa ndani ukazibwa, bomba likabaki. Pama mwenyewe ndiye aliyeweka kichwa pale ili kuzuia upepo wa baridi usimpige mgongoni. Sasa sauti ilitoka waziwazi, kila neno.

"Kuna mtu chumba cha nyuma," alisema mkewe. "Si mwenye nyumba alikipaka rangi juzijuzi? Mlisalimiana naye akiwa na ndoo mkononi."

Ni kweli walisalimiana. Pama hakumwuliza rangi ni ya nini kwa sababu alikuwa katikati ya kueleza jambo linalomhusu yeye mwenyewe.

Walizunguka kwa njia ya kichochoroni. Mkewe alibisha, na kwa muda hakuna aliyefungua. Walisikia kitu kizito kikisogezwa, na mlango ukafunguka kiasi cha uso. Alikuwa mwanamke kijana mwenye karatasi mkononi. Alimwona mke wa Pama, akatulia, kisha akamwona Pama mwenye suti, akarudisha mlango nusu.

"Usiogope," alisema mke wa Pama. "Tuko duka la mbele. Sauti yako inatufikia kwa bomba."

"Na yenu inanifikia," alisema yule kijana. Macho yake hayakumwacha Pama. "Mimi ni mtangazaji, nimeajiriwa redioni kusoma matangazo ya vifo. Nafanya mazoezi, na kocha wetu anasema nakimbia, kwa hiyo narudia maagizo yake kwa sauti." Alisita. "Lakini kila nikianza kuna mwanamume ananijibu. Ananiamkia. Ananiita Karani. Siku moja aliomba radhi kama mara kumi, halafu akaanza kusema majedwali, akashindwa kwenye saba. Nilimwuliza mwenye nyumba huyu ni nani, akasema usijali, ni fundi wa kofia. Basi nikaanza kuweka meza mlangoni."

Mke wa Pama alishika ukuta. Alicheka mpaka akakaa kwenye kizingiti, na machozi yakamtoka. Pama alisimama na suti yake mchana kweupe, na akaona kwamba kati ya watu watatu waliokuwa pale, ni yeye peke yake aliyekuwa ameamini hadithi yote tangu mwanzo hadi mwisho.

Alikuwa karibu kucheka pia. Ndipo alipoona sakafu nyuma ya yule kijana: mbao zile zile za zamani, nyeusi, na godoro limetandikwa juu yake.

"Unalala humu?" akauliza.

"Ndiyo."

"Leo usilale."

Alimweleza, na mkewe alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza, kicheko kikimkauka usoni. Yule kijana alihamia kwao siku hiyohiyo, kwenye chumba cha mapacha. Mwenye nyumba alipoitwa alisema sakafu ni nzima, rangi ni mpya, na fundi kofia anajulikana akili zake. Pama hakubishana. Alipepesa macho, akamwambia kwamba kwa upande wake yeye ni mwendawazimu aliyethibitishwa na mtaa mzima, kwa hiyo akianza kusimama hapo kichochoroni kila siku kumweleza kila mpangaji mpya habari za zebaki, hakuna wa kumzuia. Mwenye nyumba aliwaza kidogo akaleta mafundi waliojua kazi hiyo, wenye barakoa usoni na mifuko maalumu. Mbao zikang'olewa, udongo wa chini ukachotwa.

Watu walikusanyika kutazama, kama kawaida yao, na Pama akawaeleza baba yake alikuwa anaumwa nini. Aliwaeleza bila kuigiza. Baadhi waliamini. Wengine walirudi majumbani na hadithi ya zamani, kwa kuwa ilikuwa tamu zaidi, na Pama hakuweza kuwalaumu, maana ni yeye aliyeitia sukari. Fundi saa alikuja akasimama kando yake muda mrefu bila utani wowote, jambo lililokuwa gumu kwake kama kushikilia chafya. Mkasi hakuurudisha.

Siku ya mapumziko Pama na mkewe walikaa barazani. Mkewe alikuwa anamenya viazi.

"Baba mkwe," alisema, "alikuwa anapenda nini? Kabla hajaugua."

Pama alifungua mdomo. Alikuwa na visa vingi vya baba yake, na vyote vilikuwa vya kuchekesha, na hakuna hata kimoja kilichojibu swali. Alipekua kwa muda. Aliona mikono, pazia, rula. Hakujua kama marehemu alipenda muziki, au aliweka sukari kiasi gani kwenye chai.

"Sijui," alisema.

Mkewe aliweka kisu chini, akafuta mikono. "Vaa viatu. Shangazi hulala baada ya kula, tukiwahi tutamkuta macho."

Pama akainuka kutafuta viatu.